Bonde la Mlango wa Abiria

"Utaolewa na watu watatu," dada yangu aliniambia asubuhi ile, ameegemea mlango wa jiko na kikombe mkononi. "Mwanamume, mama mkwe wa ndoa nyingine, na marehemu. Wote nyumba moja."

"Marehemu hali wala hachafui vyombo," nilimjibu huku nikifunga kamba za viatu vya kazi. "Huyo hanisumbui."

"Wewe cheka tu. Mwanamke akiingia kwa mgane anayeishi na mama wa mkewe, ameingia kwenye mtihani usio na majibu. Ukipika vizuri, marehemu alipika vizuri zaidi. Ukifagia, utaambiwa marehemu hakuwa akifagia hivyo."

"Dada, hata sijaposwa."

"Hujaposwa. Basi hizo hereni za kwendea kupiga msasa ni za nini?"

Mtu anayekwenda kushinda kwenye vumbi la rangi hana sababu ya kuvaa hereni, na dada ndiye aliyenilea tangu wazazi wetu walipofariki, ananijua mpaka pumzi zangu. Nilimbusu shavuni, nikachukua mkoba wangu wa vifaa, nikatoka kabla hajapata nafasi ya kuongeza jingine.

Kazi yangu ni kupaka magari rangi. Watu wananiita Msasa, wachache kwa sababu ya kazi na wengi kwa sababu ya ulimi. Nimeshawakwaruza wanaume kadhaa waliodhani fundi mwanamke ni wa kufanyiwa mzaha, na sijutii hata mmoja. Ndiyo maana mpaka leo sielewi ilikuwaje nikaja kutulizwa na mtu ambaye mwenyewe hasemi.

Ni seremala, na mtaa mzima unamwita hivyo hivyo, Seremala, kana kwamba hakuna mwingine duniani. Karakana yake iko uani kwake. Kando ya karakana ndipo ilipokuwa imelala ile pikapu, juu ya matofali, haina tairi, kuku wa jirani wakitaga chini ya chesisi. Ilikuwa ya mkewe. Mkewe aliuza mayai, akiyasambaza kwenye maduka na mahoteli, na alipofariki gari likazimwa lisiwashwe tena. Miaka ikapita. Kisha mwaka huu Seremala akaamua kulifufua. Injini alimwita rafiki yake, akaifungua na kuifunga mpaka ikanguruma. Sehemu ya mizigo iliyooza kwa kutu aliing'oa yote, akaunda nyingine ya mbao ngumu, akairanda mpaka ukipitisha mkono unateleza. Rangi akaniita mimi.

Nilikuja kwa kazi ya wiki mbili, na sasa tulikuwa tunaingia mwezi wa tatu. Sitasema kazi ilikuwa ndogo, maana kutu ilikuwa imetafuna gari lile kama panya kwenye gunia. Lakini ningemaliza mapema kama mwenyewe asingekuwa ananiletea maji ya kunywa na kusimama pale mpaka nimalize glasi nzima, ananitazama kwa makini bila neno, nami naimaliza ile glasi polepole kwa makusudi. Siku moja aliuchukua mkono wangu wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akauangalia weee, akauachia, akarudi karakana. Nilishinda nimechanganyikiwa. Kesho yake akanipa kibao cha kushikia msasa alichokichonga kwa kipande cha mbao nyekundu, nacho kikakaa kiganjani mwangu utadhani nilizaliwa nacho. Wanawake wengine huletewa maua. Mimi nililetewa kibao, na tangu hapo habari yangu ikawa imekwisha.

Shida ilikuwa mama. Mama mzazi wa marehemu alikuja nyumba ile kumuuguza binti yake, akamuuguza, akamzika, na hakuondoka. Hakuwa na mtoto mwingine, na Seremala naye hakuwa na mama. Wakabaki wawili, kila mmoja akimtunza mwenzake. Seremala alinieleza mapema, bila kuzungukazunguka: "Mimi nakupenda. Lakini yule mama akisema hapana, sitamtoa machozi. Amelia vya kutosha." Kuna wanawake wangekasirika. Mimi nilizidi kumpenda, ndiyo maradhi yenyewe.

Basi furaha yangu yote ikawa inaning'inia kwenye neno moja la mama huyu, na mama huyu alikuwa amenifungia moyo wake. Mwanzoni alikuwa mcheshi, anakuja kukaa kwenye kigoda karibu na gari, ananitania kwamba nikipaka vibaya atanipaka mimi. Halafu wiki chache nyuma akabadilika ghafla. Salamu yangu akawa anaiitikia nusu, tena hanitazami. Hata kwa mkwewe akawa mtu wa ndiyo na hapana. Nilijua sababu ni mimi. Ameshanusa, nikasema moyoni, na hapendi anachokinusa.

Siku hiyo nilimkuta Seremala getini, anatoka.

"Nakwenda kuchukua bawaba za mlango wa nyuma," alisema. "Nikirudi nazungumza na mama."

"Leo?"

"Leo."

"Na akikataa?"

Aliinua kidole akaigusa hereni yangu, ikabembea. "Zimekupendeza," alisema, akaondoka zake.

"Umebaki mlango wa abiria," nilimwambia kwa nyuma. "Naumaliza leo."

Alikuwa ameshafika mbali, akapunga mkono tu bila kugeuka. Mlango ule kila nilipoukaribia alikuwa akiniambia, "Uache mwisho." Hakusema kwa nini, nami sikuuliza, nikachukulia ni kwa sababu ndio ulioharibika zaidi. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kumpenda mtu asiyezungumza. Ukimpenda mtu wa namna hiyo unazoea kukisia, na siku moja unakisia vibaya.

Katikati ya mlango, chini kidogo ya kitasa, palikuwa na bonde. Lilikuwa pana kama sahani na laini, halina hata mchubuko, jambo lililonishangaza kidogo, maana gari likigongwa huacha alama ya kilicholigonga. Lakini sikushangaa sana. Nilikuwa na haraka. Nilitaka mama akija kuulizwa lile neno, gari la mwanawe liwe limesimama mbele yake bila doa, aone kwamba anayetaka kuingia nyumbani kwake ni mtu wa kazi nzuri. Nilikoroga puti, nikaipaka bondeni tabaka baada ya tabaka, nikaiacha ikauke, nikashika kibao changu nikasugua mpaka mlango ukawa sawa kama maji kwenye beseni. Nikafumba macho nikapitisha kiganja. Hakuna kitu. Kwa fundi rangi hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote, kupapasa usikute kitu.

Mama akatoka na beseni la nguo. Kamba ya kuanikia ilikuwa imepita nyuma ya pikapu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nikusaidie kuanika?"

"Nguo zangu nazijua mwenyewe."

Akaanika zote, moja moja, anazikung'uta kwa nguvu kuliko zilivyostahili. Alipomaliza akarudi akipitia upande wa abiria, na mkono wake ukatoka wenyewe kwenda mlangoni, bila yeye kuutazama, kama mtu anavyogusa ukuta wa chumba chake gizani. Kiganja kikateleza. Akasimama. Akaurudisha mkono, akapapasa juu, akapapasa chini.

"Hapa palikuwa na kitu," alisema.

"Ndiyo, mama," nilimjibu, na Mungu anisamehe, nilijibu kwa fahari. "Palikuwa na bonde, nimelijaza. Sasa hivi huwezi hata kujua lilikuwa wapi."

"Ni kweli," alisema taratibu. "Siwezi kujua."

Akageuka, akarudi kwenye kamba, akaanza kuanua. Nguo zilikuwa bado zinachuruzika maji. Shuka, kanga, blauzi, anazikunja hivyo hivyo zilivyo anazirudisha kwenye beseni.

"Mama, hizo bado mbichi."

"Zitakaukia njiani."

"Njia ya wapi?"

"Kwa mdogo wangu. Ana chumba hakina mtu."

Nilidondosha kibao nikamfuata. Mimi ambaye ulimi haunikosi hata usingizini, nilijikuta nimesimama mbele ya mama wa watu nimeshika shuka lililolowa upande mmoja, yeye kashika upande wa pili, na sina neno.

"Nimekosa nini, mama?" nilimuuliza mwishowe.

"Hujakosa. Umefanya kazi uliyoitiwa." Alilivuta shuka, nami sikuliachia. Ndipo akalilegeza, akatazama kule mlangoni. "Mwanangu alikuwa anaufunga mlango ule kwa nyonga. Anashuka na trei za mayai mikono yote miwili, anageuka, anausukuma kwa nyonga, pu. Kila siku ya Mungu. Nikamwambia, wewe mtoto, utaliua gari. Akanijibu, mama, mayai yakianguka ni hasara, mlango ukibonyea ni urembo. Bati likawa linaingia ndani kidogo kidogo, miaka yote hiyo, mpaka likakaa umbo lake." Akaikunja ncha ya shuka. "Picha zake ninazo, nyingi tu. Lakini picha ni karatasi. Pale nilikuwa naweka mkono naye yupo."

Nilikuwa nimemfuta mtoto wa mtu, tena nikajisifu mbele ya mama yake kwamba nimemfuta vizuri. Nililiachia shuka. Nilikwenda karakana karibu nikikimbia, nikachagua patasi nyembamba kuliko zote, nikarudi nikapiga magoti mbele ya mlango.

"Unafanya nini?"

"Naitoa. Puti si chuma, mama. Sikuligonga bati, sikulinyoosha, nimelifunika tu. Lilivyokuwa ndivyo lilivyo."

"Acha. Umeshatengeneza, gari limependeza."

"Naitoa," nilisema, na machozi yalikuwa yameshaanza kunisumbua, nikayafuta kwa mkono wenye vumbi na kujitia upofu.

Hivyo ndivyo Seremala alivyotukuta. Beseni la nguo mbichi, mama mkwe wake amejifunga kiunoni kanga ya safari, na mwanamke anayetaka kumwoa yuko chini analia na kuchimba mlango kwa patasi. Aliziweka bawaba chini. Alitazama mlango, akatutazama sisi.

"Mama," alisema. "Kosa ni langu. Nilitakiwa kumwambia."

"Na kwa nini hukuniambia?" Nilisimama. Huzuni yangu ilikuwa imepata mahali pa kwenda, na ikaenda kwa kasi. "Miezi yote hii, uache mwisho, uache mwisho. Ungekufa ukisema neno moja tu? 'Hili bonde ni la mke wangu, usiliguse.' Lina ugumu gani hilo?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kila nikitaka kumtaja, nafikiri utaona nakufananisha naye." Aliinamisha kichwa. "Nikasema nitatafuta siku nzuri ya kukueleza. Siku haikupatikana."

"Basi siku nzuri ndiyo hii. Umenifanya nimpige msasa mke wako."

"Msigombane kwa ajili yangu," mama alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kweli. "Mimi nakwenda. Nyumba ikipata mtu mpya inapata na mambo mapya, hilo nalijua, mimi si mtoto. Leo bonde, kesho mimi. Afadhali nitoke kwa miguu yangu. Tena mimi nimeshapimwa."

"Umepimwa nini, mama?" Seremala aliuliza.

"Usijifanye hujui."

"Sijui, mama. Haki ya Mungu."

"Mchana ule nimekaa barazani nimefumba macho. Ukaja na futi yako, unanyata kama mwizi. Ukanipima nyonga. Ukanipima mabega. Ukapima na miguu, kutoka gotini kwenda chini. Ukaandika kwa penseli kwenye kipande cha ubao, ukaondoka. Ulidhani nimelala." Akanyoosha kidole kuelekea karakana. "Seremala anampima bikizee wa nini? Majeneza ya mtaa huu yametoka karakana ya nani?"

Patasi iliniponyoka. Nilimtazama Seremala, Seremala akamtazama mama, na nitasema ukweli, kicheko kilinipanda mpaka kooni. Kilipofika pale kikakutana na macho ya mama, yaliyojaa, kikarudi kilikotoka. Ndipo nikaelewa zile salamu za nusu. Kumbe wala hakuwa amenichukia. Mama wa watu alikuwa anaishi nyumba moja na mtu anayedhani anamsubiri afe.

"Wiki zote hizi umekaa na jambo hilo?" Seremala aliuliza kwa sauti ndogo. "Mama, kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuwa nangoja nione utatumia mbao gani."

Hapo alishindwa. Alijifunika uso kwa viganja vyote viwili, mabega yakatikisika, na sikujua kama anacheka au analia mpaka alipouinua uso nikaona ni vyote. Alikwenda karakana. Tulisikia vitu vikisogezwa. Akatoka anakokota kitu kirefu kilichofunikwa shuka, akakiweka katikati ya ua, akavuta shuka.

Kilikuwa kiti. Kiti kimoja kirefu cha gari, fremu ya mbao, kimejazwa sponji na kushonewa ngozi ya kahawia, kasoro kipande cha pembeni ambacho bado kilikuwa kimeshikizwa kwa pini. Pikapu ile tangu zamani ilikuwa na viti viwili, cha dereva na cha abiria. Seremala alikuwa ameving'oa siku nyingi, nami nikadhani amevipeleka kwa mshonaji.

"Nilitaka mkione kikiwa tayari," alisema. "Gari hili lilikuwa la watu wawili. Nimelifanyia kiti cha watatu." Akaonyesha kwa mkono, kama anayewakaribisha wageni. "Hapa mimi. Hapa Msasa. Hapa wewe, mama. Nilikupima kwa sababu sikutaka ukae ukiwa umebanwa. Nyonga zako ndizo zilizonipa kazi."

"Nyonga zangu zina nini?"

"Hazina kitu, mama. Zina haki ya nafasi."

Mama alikitazama kile kiti. Alikwenda akakibonyeza kwa vidole, hapa na pale, kama mtu anayechagua godoro dukani, na nilimwona akihesabu kimoyomoyo nafasi ya wa tatu. Kisha akajikausha macho kwa ncha ya kanga.

"Ungesema," alisema.

"Ningesema," Seremala alikubali.

"Huyu mtoto," mama aliniambia mimi, na ilikuwa mara ya kwanza kunitazama sawasawa tangu wiki zile, "ukimwacha atakuua kwa kimya."

Na mimi, kwa sababu pepo wa ulimi alikuwa amenirudia, nikamgeukia Seremala. "Na mimi ulinipima lini? Mbona sikumbuki futi?"

"Wewe sikukupima," alisema. "Wewe nimekutazama vya kutosha."

Alisema vile mbele ya mama mkwe wake, mchana kweupe, kwa sauti ile ile ya kutaja urefu wa mbao. Niliokota patasi nikarudi kupiga magoti mlangoni na kuanza kuchimba kama mtu aliyeahidiwa dhahabu. Mama alianza kukagua mawingu.

Baada ya muda nikasikia kigoda kikiburutwa. Mama alikileta kando yangu, akaketi.

"Hapo bado," alisema. "Juu kidogo."

"Hapa?"

"Hapo. Polepole, usije ukaliumiza."

Tulifanya kazi hivyo, mimi nabandua, yeye anapapasa. Puti ilitoka vipande vipande, nyingine ikatoka unga, ikamwingia mpaka kwenye nywele, hakujali. Seremala alizianika zile nguo upya, shuka kwa shuka, hajui kuanika hata kidogo, na hakuna aliyemsahihisha. Mwishowe mama akaweka kiganja, kikazama, kikatulia. Alifumba macho. Niliondoa mikono yangu, nikageuka nikatazama pembeni, kwa kuwa kuna mazungumzo ambayo si ya mtu wa tatu.

"Na rangi?" aliuliza baadaye.

"Nitapaka juu yake, mama. Bonde na mlango, rangi moja, zing'ae sawasawa. Mtu asiyejua ataniita fundi mbovu."

"Utamjibuje?"

"Nitamkwaruza."

Akacheka. Kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake, na Seremala kule kwenye kamba akaacha alichokuwa anafanya, akasimama kukisikiliza.

Mama ndiye aliyetaka kiti kiingizwe kwenye gari saa ile ile, pini na vyote. Tulikibeba mimi na Seremala, yeye upande huu, mimi upande ule, tukakiingiza kwa kukiinamisha, kikakaa mahali pake bila kugusa huku wala kule. Seremala aliponyoosha mgongo, macho yetu yalikutana juu ya kile kiti, na hakuyaondoa. Nilisahau vumbi, nikasahau dada, nikasahau kwamba kuna mtu amesimama nyuma yangu.

"Ingieni basi," alisema yule mtu wa nyuma yangu. "Au mnataka kutazamana mpaka rangi ikauke? Mimi nakaa dirishani. Katikati akae mwenye mifupa midogo."

"Gia iko katikati, mama," Seremala alisema. "Itamsumbua miguu."

"Wembamba wa reli, gari moshi linapita. Mwache aingie."

Niliingia. Seremala akapanda upande wa usukani, mama akapanda upande wake, akajiweka vizuri, akajitikisa kidogo kushoto na kulia kujaribu ile nafasi, akaridhika. Bega langu moja lilikuwa limegusa la Seremala na jingine la mama. Kioo cha mbele kilikuwa bado hakijarudishwa, mbele yetu hakuna kitu ila ukuta wa ua.

"Haya," mama alisema. "Ulisema ukirudi unazungumza na mimi. Getini pale na dirisha langu si mbali."

Seremala alikohoa. Aliushika usukani kwa mikono yote miwili, kama mtu aliye kwenye mteremko.

"Mama, naomba ruhusa yako. Nataka kumwoa huyu."

"Unaniomba mimi? Mimi si mama yake. Ana watu wake."

"Kwa dada yake nitakwenda. Nimeanzia kwako."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa, mama, tutabaki kama tulivyo."

Sauti yake haikutetereka, lakini bega lake lilikuwa juu ya langu, na lile bega lilinieleza maneno yale yamemgharimu nini. Nilikaza macho kwenye ukuta. Sikumwombea mabaya mama. Niliomba tu nisilie kabla hajasema.

Mama aliegemeza mgongo kwenye kile kiti.

"Ulipokuja kumposa mwanangu," alianza, "wanaume walikaa sebuleni. Baba yake, wajomba zake, na wazee uliokuja nao. Mlizungumza, mkacheka, mkakubaliana. Mimi nilikuwa jikoni nawapikia. Nilipoingia kukusanya vyombo ndipo nikaambiwa mambo yamekwisha. Mtoto wangu wa pekee. Hakuna mtu aliyeniuliza."

Seremala aliuachia usukani. "Sikujua, mama."

"Ungejuaje? Hata mimi nilidhani ndivyo yanavyokwenda."

Tulikaa. Kwa mbali mtu alikuwa anapigilia misumari. Seremala alivumilia weee, kisha ikamshinda.

"Basi, mama, unasemaje?"

"Usiniharakishe, baba," alisema. "Ndiyo mara yangu ya kwanza kuulizwa. Niacheni nikae na swali hili kidogo."

Tukamwacha. Naye akauchukua mkono wangu, uliojaa unga wa puti, akauweka mapajani mwake, akaufunika kwa mikono yake yote miwili, akaendelea kutazama mbele bila haraka yoyote.